Kufufua Jiliwa la Zamani

Na mwanafunzi wa S.6

Mafundi wa Kampala huliita "vaisi". Kamusi za Kiswahili zaliita jiliwa, nami nitafuata kamusi. Ni kile chombo kizito cha chuma kinachofungwa pembeni mwa meza ya fundi, chenye mataya mawili na skrubu kubwa katikati, ambacho hukamata kitu kwa nguvu ili mikono yote miwili ya fundi iwe huru kukata, kupiga tupa au kutoboa. Seremala ana jiliwa lake lenye mataya ya mbao, na mhunzi ana lake lenye mguu mrefu unaosimama chini hata ardhini. Mimi nitasema juu ya lile la mafundi wa chuma, ambalo wanafunzi wa zamani watalikumbuka katika chumba cha kazi za mikono.

Mjomba wangu ana karakana ndogo nyuma ya nyumba yake mjini Kasese. Hutengeneza baiskeli, majembe, vitanda vya chuma, na mara kwa mara viti vya magurudumu vya watu wasioweza kutembea. Ada yangu ya shule hutoka katika karakana hiyo, wala si siri. Mwezi wa Septemba jiliwa lake, ambalo lilikuwa la bei rahisi na halijatimiza hata miaka miwili, lilipasuka taya wakati kijana mmoja alipokuwa akinyoosha nondo juu yake kwa nyundo kubwa. Jipya la ukubwa ule dukani lilitaka zaidi ya shilingi 300,000, na muhula ulikuwa unakaribia kwisha na ada haijalipwa yote. Mjomba alikuwa na fedha za kununua jiliwa au za kulipa ada, si vyote viwili. Akaniambia, "Mpwa wangu, kabla hatujaingia dukani, twende kwa wenye vyuma chakavu."

Kasese si pahali pabaya pa kutafuta chuma cha zamani. Reli ilifika pale mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na mahali penye mgodi na reli hapakosi karakana. Uchimbaji wa shaba ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Muuzaji alituapia kwamba jiliwa lake lilitoka mgodini. Labda ni kweli, labda ni maneno ya soko. Lilikuwa limelala chini ya rundo la springi za malori, limeota kutu nyekundu kila mahali, na skrubu yake haikuzunguka hata kidogo. Mataya yake yalikuwa na upana wa inchi 5. Herufi zilizosubiwa ubavuni zilionyesha kwamba lilifanywa Uingereza, lakini jina la kiwanda lilikuwa limelika. Alitaka shilingi 90,000, tukampa 60,000.

Sasa nataka kueleza namna mjomba alivyolichunguza kabla ya kutoa fedha, kwa sababu sehemu hiyo ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Kutu haikumtisha. Kutu inaonekana na macho, nayo huondoka. Alichokitafuta ni ufa. Mwili wa jiliwa hufanywa kwa chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu ya mchanga. Chuma cha namna hiyo kina kaboni nyingi, kiasi cha sehemu 2 hadi 4 katika kila 100, ambapo feleji ya kawaida haifiki hata sehemu moja katika 100. Kaboni hiyo hukifanya kiyeyuke upesi na kujaza kalibu vizuri, tena hukifanya kivumilie sana kubanwa. Lakini kukivuta au kukipiga ghafula ni jambo jingine: hakipindi kwanza na kukuonya kama feleji, bali hukatika mara moja kama chungu. Na kikiisha kukatika, kukichomelea ni kazi ya mashaka, kwa maana sharti kipashwe moto chote polepole na kupozwa polepole, la sivyo hupasuka tena kando ya pale palipochomelewa.

Basi mjomba alilining'iniza jiliwa kwa kamba juu ya mti, akaligonga taratibu kwa nyundo ndogo mahali mbalimbali. Chuma kizima hulia kama kengele. Chenye ufa hutoa sauti ya kukwaruza iliyokufa, kama chungu kilichovunjika. Letu lililia. Baadaye alipaka mafuta ya taa shingoni mwa mataya na pembeni mwa matundu ya bolti, akayafuta makavu, kisha akapaka vumbi la chaki. Mahali penye ufa mafuta yaliyojificha ndani hutoka tena na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Hakukuwa na mstari. Hili ni jaribio ambalo kila mwanafunzi aweza kulifanya, tena halina gharama. Chaki twaijua sote.

Mambo mengine aliyapitia upesi. Mpini ulikuwa umepinda: si kitu, hunyooshwa. Bamba za mataya zilikuwa zimelika hata meno yake hayakuonekana: si kitu, hutengenezwa nyingine. Nati ya ndani, ambayo skrubu kubwa hupita, haikuweza kuonekana vizuri kwa sababu ya kutu. Hapo ndipo palipokuwa na bahati nasibu, kwa maana nati iliyolika uzi wake hufanya jiliwa zima liwe jiwe la kuzuia mlango. Mjomba alitazama uzi wa skrubu yenyewe, ule uliokuwa umejificha ndani mbali na mvua, akaukuta bado mnene na wenye pembe za mraba. Alisema kama skrubu haikulika, nati nayo haitakuwa imelika sana, kwa kuwa hizo mbili husagana pamoja.

Kazi ya kwanza nyumbani ilikuwa kuifungua skrubu. Yatupasa tufahamu kwanza kwa nini ilikamatana. Chuma kikiungana na maji na hewa ya oksijeni huwa kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Katika mwanya mwembamba ulio kati ya uzi wa skrubu na uzi wa nati, kutu hiyo huvimba na kujisokota kama kabari. Kwa hiyo anayezungusha kwa nguvu tupu hashindani na skrubu, anashindana na maelfu ya kabari kwa wakati mmoja.

Jirani mmoja, mtu mwema na mwenye misuli, alileta bomba refu la maji, akataka kulivika juu ya mpini ili apate mkono mrefu wa kuzungushia. Mjomba alimkatalia kwa upole. Nami nitaeleza hesabu ya jambo hilo, kwa kuwa wengi wa wasomaji wanajifunza fizikia na huenda hawajaiona ikifanya kazi.

Skrubu ya jiliwa letu ina mizunguko 4 ya uzi katika kila inchi moja, maana yake ni kwamba ukiizungusha mara moja kamili taya lasogea robo ya inchi, yaani milimita 6.35. Mkono ukishika mpini sentimita 20 kutoka katikati ya skrubu, basi katika mzunguko huo mkono umetembea duara la milimita 1,257 hivi. Gawanya 1,257 kwa 6.35, utapata karibu 198, tuseme 200. Kama pasingekuwa na msuguano, mtu anayesukuma mpini kwa nguvu ya kilo 20 angebana kitu kwa nguvu ya kilo 4,000. Lakini msuguano upo, tena ni mkubwa: uzi wajisugua ndani ya nati, na bega la skrubu lajisugua juu ya taya. Katika skrubu ya namna hii robo tu ya nguvu ndiyo inayofika, robo tatu zote huliwa njiani. Hata hivyo inabaki tani moja nzima, kutoka mkono mmoja wa mtu asiyetoka jasho.

Wengine watadhani msuguano huo ni hasara tupu. Sivyo. Skrubu ambayo hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu haiwezi kujizungusha kurudi nyuma yenyewe; ndiyo sababu ukiachia mpini kitu hubaki kimebanwa usiku kucha. Skrubu isiyo na msuguano ingefunguka mara tu mkono unapoondoka, na jiliwa lisingekuwa na maana yoyote. Mimi binafsi napenda jambo hili kuliko mengine yote katika somo zima la mashine.

Sasa rudi kwa jirani na bomba lake. Akiongeza mkono kutoka sentimita 20 hadi 60, nguvu yazidi mara tatu: tani 3 juu ya taya la chuma cha kusubu lililofanywa kwa kipimo cha mkono wa mtu. Kama skrubu imekamatana, nguvu hiyo yote huingia katika kupinda mpini, kuikata skrubu, au kupasua mwili. Mpini wa jiliwa umefanywa mfupi makusudi.

Tulichofanya ni hiki. Tulichanganya dizeli na mafuta ya taa nusu kwa nusu, tukalisimamisha jiliwa kwa namna ambayo mafuta yangeweza kuteremka katika uzi, tukamimina kidogo asubuhi na jioni kwa siku 6. Kila jioni mjomba aligonga kichwa cha skrubu kwa nyundo ndogo kupitia kipande cha mbao, mara ishirini au thelathini, si kwa nguvu. Mtikisiko hupasua kutu na kuyafungulia mafuta njia. Siku ya saba tuliyafuta mafuta yote vizuri sana, tukalipeleka jiliwa mbali na chupa za mafuta, ndipo tukalipasha moto wa makaa pale nati ilipo, polepole na pande zote sawasawa. Nati hupanuka kabla skrubu haijapata joto lote, na mwanya waongezeka kidogo. Wala asithubutu mtu kumwaga maji baridi juu yake wakati huo, kwa maana chuma cha kusubu chenye moto kikikutana na maji hupasuka.

Ilisogea. Si mzunguko, upana wa kucha tu. Mjomba hakuendelea mbele kwa pupa, bali aliirudisha, akaongeza mafuta chuma kilipopoa, akaisogeza tena mbele zaidi kidogo, akairudisha tena. Unga mwekundu uliokuwa ukitoka ulikuwa kama ugoro. Ilichukua mchana mzima kufikia mzunguko wa kwanza, na baada ya hapo dakika 10 zilitosha kuitoa skrubu yote nje. Nati ilikuwa nzima.

Jiliwa likiisha kufunguka, kulitenganisha si kazi. Zungusha kinyume mpaka skrubu itoke katika nati, na taya linalosogea litatoka lote kwa mbele. Lishikwe na mtu wa pili, kwa maana lina uzito wa kuvunja kidole cha mguu. Nyuma ya taya hilo kuna pini, washa na springi ambazo huifanya skrubu ilivute taya inaporudi. Chora picha ya mpangilio wake katika karatasi kabla ya kuzitoa. Mjomba hucheka anaponiona nikichora, lakini baada ya majuma mawili ndiye aliyeomba karatasi ile.

Kuhusu rangi ya zamani ningependa kila msomaji asikie vizuri. Rangi za chuma za miaka ya zamani mara nyingi zilitiwa madini ya risasi, na risasi ni sumu inayodhuru ubongo, hasa wa watoto wadogo. Haipasi kuipiga msasa mkavu ikawa vumbi, wala kuichoma kwa moto ikawa moshi. Sisi tuliilowesha na kuikwangua ikiwa majimaji, mbali na jiko na mbali na kuku, tukazikusanya takataka zake katika gazeti na kuzifukia mbali na kisima. Watoto wa nyumbani walifukuzwa siku hiyo, nao walilia sana.

Vitu vidogo, kama washa, pini na bolti, tulivitia katika siki ya dukani, ile yenye asidi sehemu 5 katika 100. Usiku mmoja na mchana wake vilitosha. Kutu hulainika na kuwa tope jeusi linalotoka kwa brashi. Visiachwe humo siku nyingi, kwa kuwa asidi ikimaliza kutu huanza kula chuma kizuri. Springi hatukuitia kabisa, tuliisugua kwa mkono, maana asidi huzaa haidrojeni ambayo huingia ndani ya feleji ngumu na kuifanya ikatike. Vikitoka katika siki huoshwa kwa maji ya magadi ili kuiua asidi, hukaushwa upesi juani, na kupakwa mafuta saa ile ile. Ukienda kula chakula kwanza, utakuta vimekuwa vya rangi ya chungwa tena.

Kwa mwili mkubwa siki nyingi hivyo ingekuwa ghali. Hapo nilipata nafasi ya kumwonyesha mjomba kitu cha darasani. Tulichukua pipa la plastiki, tukatia maji, na katika kila lita 4 za maji tukakoroga kijiko kikubwa cha magadi ya kufulia. Magadi ya kupikia maharage hayafai sana, kwa sababu yana chumvi ya kawaida ndani yake. Tulilining'iniza jiliwa katikati kwa waya bila kugusa kitu, na kuzunguka ukuta wa pipa tukasimamisha vipande vinne vya nondo vilivyofungwa pamoja kwa waya mwingine. Kisha tukaleta chaja ya betri ya volti 12. Upande wa hasi uliunganishwa na jiliwa, upande wa chanya na nondo. Mkigeuza, jiliwa ndilo litakaloliwa na nondo ndizo zitakazotakata. Kwa hiyo tazama mara mbili.

Mara mapovu madogo huanza kupanda kutoka katika jiliwa. Hayo ni haidrojeni, na yale ya kwenye nondo ni oksijeni. Umeme unaoingia katika jiliwa huirudisha sehemu ya kutu kuwa kitu cheusi kilicholegea, na mapovu husukuma magamba kutoka chini. Chuma kizuri hakiliwi, na hapo ndipo njia hii inapoishinda siki. Lakini kuna masharti. Haidrojeni ikikutana na moto hulipuka, kwa hiyo kazi hii hufanywa nje, bila sigara wala sigiri karibu. Chaja huzimwa kabla mkono haujaingia majini. Nondo au chuma cha kawaida ndicho cha kutumia upande wa chanya. Vijiko na sahani za chuma kisichoshika kutu havitakiwi kabisa, kwa maana ndani yake mna kromiamu, na umeme huigeuza kuwa sumu kali inayoleta saratani. Wala usitumie sufuria mahali pa pipa, kwa kuwa alumini huliwa na maji ya magadi, na mama mwenye sufuria atakuwa na neno.

Umeme ulikatika mara mbili usiku ule, lakini halikuharibika lolote, liliendelea uliporudi. Asubuhi tuliliosha kwa brashi ya waya na maji mengi. Chuma kilikuwa cha kijivu, na herufi za ubavuni zilisimama wazi zaidi, ingawa jina la kiwanda halikurudi.

Bamba za mataya ndizo zilizotuchukua muda mrefu kuliko nilivyotazamia. Bamba hizo ni vipande viwili vya feleji vinavyofungwa kwa skrubu mbili kila kimoja mbele ya mataya, ili meno yakiisha kulika zibadilishwe, na mwili ubaki. Skrubu tatu zilitoka. Ya nne ilikatika kichwa, na mjomba aliitoboa katikati kwa keekee, akianza na ncha nyembamba na kuiongeza kidogo kidogo, mpaka ganda lililobaki likatolewa kwa sindano kama ganda la yai. Uzi wa tundu haukuguswa.

Ndipo likaja jambo la vipimo. Tulikwenda dukani kununua skrubu mpya. Zote ni za milimita, na hata moja haikuingia. Jiliwa hili ni la wakati ambapo Waingereza walitumia uzi wa Whitworth. Joseph Whitworth alikuwa fundi mkubwa wa mashine, na mwaka 1841 alitoa shauri kwamba skrubu zote za Uingereza ziwe na pembe moja ya uzi, digrii 55, na hesabu moja ya mizunguko kwa kila unene. Kabla ya hapo kila karakana ilikata uzi wake yenyewe, na nati ya karakana moja haikujua bolti ya nyingine. Uzi wa milimita una pembe ya digrii 60. Skrubu zetu zilikuwa na unene wa inchi 3/8, yaani milimita 9.5 hivi, na mizunguko 16 katika inchi. Skrubu ya milimita 10 ni nene mno kwa tundu lile. Wengine wangepanua tundu na kukata uzi mpya wa milimita, na si vibaya. Mjomba alikataa, akisema chuma kikiisha kuondolewa hakirudi. Kwa bahati uzi wa Kimarekani wa inchi 3/8 nao una mizunguko 16, na ingawa pembe yake ni digrii 60, huingia na kushika kwa kazi ya namna hii. Tulizipata nne katika kopo la fundi wa matrekta.

Bamba zenyewe tulizifanya kwa jani la springi ya lori, kutoka rundo lile lile la muuzaji wetu. Feleji ya springi ni ngumu, tupa huteleza juu yake na keekee hulia bure. Kwa hiyo hulainishwa kwanza. Tuliitia katika makaa yenye kuvuviwa mpaka ikawa nyekundu na sumaku haikuivuta tena (hiyo ni alama nzuri kuliko kutazama rangi, kwa kuwa rangi hudanganya juani), kisha tukaifukia katika jivu la moto na kuiacha ipoe mpaka asubuhi. Jinsi inavyopoa polepole ndivyo inavyolainika. Siku ya pili ilinyooshwa, ikakatwa kwa msumeno wa chuma, ikatobolewa na kupanuliwa mdomo wa tundu ili kichwa cha skrubu kizame. Meno tuliyakata kwa tupa ya pembe tatu, mistari ya kulala huku na huku hata uso ukawa kama mkeka. Ni kazi ya kuchosha mkono. Hatukuifanya ngumu tena baadaye: bamba iliyo laini kidogo italika mapema, lakini haitamomonyoka, na springi za malori zimejaa sokoni.

Kwa kitu kisichopaswa kutiwa alama, kama bomba la shaba au uzi wa bolti, tulikunja vipande viwili vya alumini vyenye umbo la pembe ya mraba, ambavyo huwekwa juu ya mataya na kuondolewa.

Rangi ilipakwa mara moja ya kuzuia kutu na mara mbili ya bluu. Haikupakwa kwenye skrubu, wala katika njia ambamo taya husogea, wala juu ya bamba. Nimewaona watu ambao hulisugua jiliwa mpaka makovu yote ya nyundo yaishe na lionekane kama la dukani. Mimi naona ni kupoteza chuma na siku. Makovu yetu yapo. Skrubu na bega lake vilitiwa grisi, na njia ya taya ilitiwa oili nyepesi, si grisi, kwa sababu grisi hukusanya vumbi la tupa na kulifanya kuwa msasa.

Meza ya mjomba ni ya mvule, na jiliwa limefungwa juu ya mguu wake mmoja kwa bolti nne zinazopita mbao zote mpaka chini, zenye washa pana. Mahali pake ni pa kutazamwa kwa uangalifu. Uso wa taya lisilosogea lazima utokeze kidogo mbele ya ukingo wa meza, ili bomba refu liweze kusimama wima ndani ya mataya bila kuzuiwa na mbao. Na kimo chake kiwe sawa na kiwiko cha anayelitumia akisimama. Mjomba ni mrefu kuliko mimi, kwa hiyo nikifanya kazi pale husimama juu ya ubao.

Gharama zote, pamoja na siki, magadi, rangi na skrubu, hazikufika shilingi 100,000. Salio la ada lililipwa Jumatatu iliyofuata. Kazi ya kwanza ya jiliwa ilikuwa ekseli ya kiti cha magurudumu cha mama mmoja auzaye samaki wa Ziwa George, ambacho kilikuwa kimengoja kutoka Septemba. Ekseli ilinyooshwa kwa kubanwa polepole kati ya vipande vitatu vya feleji, bila pigo hata moja la nyundo.

Skrubu zile nne za Kimarekani zimeshika, lakini mjomba bado anataka za Whitworth zenyewe, inchi 3/8, zenye kichwa cha kuzama, urefu wa inchi moja. Kama kuna mwanafunzi wa zamani aliye katika reli, au katika kiwanda cha sukari au cha pamba chenye mashine za zamani, na kopo lake lina skrubu kama hizo, naomba amwandikie mhariri.